Ulimi wa Msusi

"Dada, huyo samaki usimchukue. Huyo ni wa juzi."

Msusi aligeuka, pochi mkononi. Soko lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo, maji ya barafu yanachuruzika kutoka mezani mpaka viatuni, na katikati ya vurugu hiyo amesimama kijana mrefu, shati jeupe limekunjwa mikono, kapu begani.

Muuza samaki akaja juu. "We kaka, umetumwa na nani? Umemgusa? Umemfunua mashavu? Unamsingizia samaki wangu ukiwa umesimama huko!"

"Sihitaji kumgusa. Pua inatosha."

"Pua! Haya, mwenye pua, tuambie basi na huyu dada anatoka wapi."

Kijana akavuta hewa kidogo, kwa adabu zote. "Huyu dada ni msusi. Asubuhi hii amempaka mtu dawa ya nywele, akanawa kwa sabuni ya limau, akajipaka mafuta ya mchaichai. Na chai hajanywa."

Watu wakaangua kicheko. Msusi mwenyewe alicheka mpaka pochi ikamdondoka, maana yote yalikuwa kweli tupu. Walipotoka nje alimuuliza, "Mengine nimeyaelewa. Hilo la chai umelijuaje?"

"Hilo sikulijua. Nilikuwa natafuta njia ya kukunywesha."

Basi, hivyo ndivyo. Mapenzi ya wenzetu huanza kwa maua, yao yalianza kwa samaki aliyeoza, na wala hakuna aliyejali. Kijana alikuwa mpishi katika hoteli moja kubwa, ile yenye mlango wa vioo mbele na mlango wa jalala nyuma. Msusi alikuwa na kiti chake katika saluni ya ng'ambo ya barabara, dirishani, penye mwanga. Alimpa mpishi jina la Pua, na jina likakaa. Jioni Pua akifika tu, anazamisha uso kwenye nywele za mpenzi wake na kuanza: "Leo umemsuka mama mwenye mafuta ya karafuu. Halafu mmekula ndizi mbivu. Na mmoja wenu amevuta sigara chooni." Msusi anapiga kelele, "Loo! Huyu mwanamume mtu hawezi kumficha kitu!" Lakini moyoni alipenda. Nani hapendi kusomwa namna hiyo?

Kisha yakaja mafua.

Mafua ya kawaida, si ya kuandikia barua. Pua alilala wiki nzima, msusi akamnywesha uji na kumkanda kifua, akapona. Lakini aliyeinuka kitandani hakuwa sawasawa na yule aliyelala. Uso wake haukuzama tena kwenye nywele. Alikumbatia vizuri, alibusu vizuri, ila lile la kunusa likaisha, na msusi hakuweza kuliuliza, maana utamwulizaje mtu, mbona hunusi?

Badala yake likaja jambo jipya. Kila wakikaa mezani, Pua anasukuma sahani upande wa pili. "Onja wewe kwanza, kipenzi. Mimi siwezi kula kabla yako." Na mchana simu inalia saluni.

"Uko wapi, roho yangu?"

"Niko kazini, nina mtu kitini."

"Kimbia mara moja mlango wa nyuma. Nimekuwekea kitu."

Msusi anamwacha mteja na kichwa nusu, anavuka barabara na kandambili zake, anakuta kisosi kinamngoja na Pua amesimama jasho linamtoka. Anaonja. "Chumvi?" "Imezidi kidogo." "Na pilipili?" "Hapo sawa." "Asante, maisha yangu," na mlango unafungwa. Akirudi saluni wenzake wanamsimanga kwa wivu: "Wewe umependwa bwana! Sisi wetu wanatuletea makombo, tena ya baridi." Msusi anajibinua, anashika kitana, anatembea juu ya mawingu.

Hata hivyo ile pua ilimsumbua. Akajiambia kuna mwanamke mwingine, hapana budi, kuna nywele nyingine zinazonuswa. Kwa hiyo Pua alipomwambia siku moja, "Wikiendi hii twende pwani, mimi na wewe, hatufanyi chochote ila kula," alishukuru kimoyomoyo. Akashona gauni la njano lenye mikono mifupi, akajisuka mwenyewe nywele ndogondogo mbele ya vioo viwili, akapanda basi na mpenzi wake.

Mji ule ulikuwa mdogo na mweupe, madirisha ya buluu, vijia vyembamba vinavyoteremka vyote kuelekea majini. Jumamosi mchana waliingia mkahawa wa kwanza waliouona, wenye meza za mbao na upepo wa kutosha. Waliagiza kamba wa kukaanga na mkate. Msusi akaenda kunawa. Kwenye sinki palikuwa na kioo, na unajua mwanamke na kioo. Aliporudi, kamba walikuwa wamefika na Pua keshaanza kula, maana mhudumu alikuwa amesimama pale akingoja sifa.

"Safi kabisa," Pua alikuwa anasema, akitafuna. "Mwambie mpishi nimempa mkono."

Msusi hakuwahi hata kuketi. Harufu ilimpiga akiwa bado amesimama. Akachukua kamba mmoja, akamweka ulimini, akamtema kwenye kiganja.

"Kaka, hawa wameoza!"

Mhudumu akainama, akanusa sahani, akabadilika rangi. "Jamani, samahani, dada. Samahani sana. Nawaletea wengine." Akaondoka mbio na sahani.

Msusi alibaki anamtazama mpenzi wake. Mtu aliyemjua samaki wa juzi kwa kusimama tu katikati ya umati, leo ametafuna uozo akausifia. Pua hakuinua macho. Alichukua limau lililobaki mezani, akalikata, akalitia lote mdomoni, akalitafuna taratibu na maganda yake, na uso wake haukukunjamana hata kidogo.

"Toka lini?" msusi aliuliza.

"Toka yale mafua."

"Hunusi?"

"Sinusi, sionji. Chumvi na sukari kwangu ni mchanga."

Walitoka, wakaenda kukaa kwenye ukuta wa mawe unaozuia maji. Msusi alikaa mbali kidogo, pochi katikati yao.

"Na keki yangu ya siku ya kuzaliwa? Ulisema hujawahi kula keki kama ile."

"Nilikutazama uso ulipoonja. Ulifurahi, nikajua ni tamu."

"Na mafuta yangu mapya? Ulisema nanukia vizuri. Ulisema, nakumbuka, 'leo umenukia mpaka mlangoni'."

Pua akaokota kijiwe, akakitupa majini.

"Nijibu."

"Niliiona chupa mezani."

Hapo machozi yakamtoka msusi, na hakujisumbua kuyafuta. Uchungu ulimshika kifuani, uchungu hasa, kwa sababu sasa mlango wa nyuma aliuona ulivyo. Kumbe kile kisosi hakikuwa posa ya kila siku kama alivyodhani. Kilikuwa kazi. Alikuwa akivuka barabara na kandambili zake kwenda kumwokolea mtu mshahara, huku yeye akijiita mpendwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mpishi asiyeonja ni nini? Ni dereva kipofu. Niliogopa wasije wakanifukuza. Nilijiambia itarudi wiki ijayo, wiki ijayo. Halafu uongo nikauzoea." Akashusha pumzi. "Kuna la pili. Bora nimalize. Tumekuja huku kwa sababu kuna mama ana hoteli yake pale juu, anatafuta mpishi mkuu. Kesho mchana nampikia yeye na wanawe. Akinikubali, ni jiko langu mwenyewe."

"Na mimi nimeletwa nionje."

"Umeletwa kwa sababu nakupenda!"

"Ngoja." Msusi akamgeukia, wanja umemchuruzika mashavuni. "Nakuuliza mara moja tu. Unanitaka mimi, au unautaka ulimi wangu?"

"Nakutaka wewe. Ulimi nimeukuta mdomoni mwako, sasa ningeuacha wapi?"

Hakutaka kucheka. Aliuma midomo, akatazama upande wa pili, akahesabu mawe. Wapi! Kicheko kilimtoka na machozi yake pamoja, na Pua alipoisogeza ile pochi na kukaa karibu, hakumfukuza.

Jioni ile walikula kwenye kibanda cha pembeni, chenye meza mbili na viti vya plastiki, na nakwambia, kama mapenzi yao yalipata kuwa na siku yake, basi ilikuwa ile. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na cha kuficha. Msusi alionja kila kilicholetwa na kumweleza mpenzi wake kwa lugha aliyoijua, lugha ya saluni.

"Huyu samaki wa kuchoma ametulia. Amesukwa na mtu mzoefu, mistari imenyooka."

"Na mchuzi?"

"Mchuzi mbele umependeza, nyuma nywele zimechomoza. Pilipili inakuja baadaye, inakukamata huku kooni."

"Viazi?"

"Viazi wigi tu."

Pua alicheka mpaka akaegemea meza. Akala kiazi, akafunga macho, akasema, "Nimeliona wigi. Wallahi nimeliona." Akamshika mkono, vidole vyake vina makovu ya mafuta ya moto, akaanza kupapasa kwenye mfuko wa suruali, akatoa soksi. Ndani ya soksi mlikuwa na pete.

"Nilipanga kesho, nikishapata jibu la yule mama. Lakini naona nikingoja kesho nitaonekana nimeoa kwa sababu ya kazi."

"Katika soksi, Pua?"

"Ni safi. Nadhani. Inuse mwenyewe."

"Mjinga wewe!" Lakini tayari alikuwa amenyoosha kidole. Akavishwa. Mwenye kibanda akapiga vigelegele peke yake, akawaongezea viazi bila kuulizwa, na msusi akajiona hana deni wala dai duniani. Aliona amesamehe. Na alikuwa amesamehe kweli, kwa moyo wote.

Jumapili asubuhi walipanda mlima mdogo kwenda kwenye hoteli ya yule mama. Jiko lilikuwa kubwa, marumaru nyeupe, sufuria zimening'inia juu kwa kufuatana na ukubwa, dirisha limeitazama bahari. Wenyeji walikaa ukumbini kungoja. Pua alivaa koti jeupe la kazi, msusi akafunga aproni juu ya gauni la njano, wakafanya kazi kama watu waliozaliwa tumbo moja. Huyu anakata, huyu anaosha. Huyu anakoroga, huyu anaonja. "Kitunguu bado kibichi." "Sasa?" "Sasa kimeiva." Kila akionja, Pua anambusu shavuni, na pete inang'aa juu ya mvuke.

Mchuzi wa samaki ulikuwa ndio kwanza umeanza kuchemka simu ya msusi ilipolia. Dada yake mkubwa.

"Uko wapi wewe? Mama ameanguka bafuni! Hajitambui, tunampeleka hospitali, njoo, njoo haraka!"

Simu ikakatika. Msusi akavuta fundo la aproni, likamshinda.

"Mama ameanguka," alisema. "Hajitambui. Lazima niondoke sasa hivi."

Pua aligeuka, upawa mkononi, macho yamemtoka.

"Sasa mchuzi nani ataonja?"

Neno lilitoka, likakaa pale kati yao. Sufuria ilichemka. Pua mwenyewe alisikia alichokisema. Akajiziba mdomo kwa kiganja, lakini maji yakishamwagika hayazoleki.

"Sikumaanisha hivyo. Jamani, sikumaanisha! Nimechanganyikiwa. Pole, kipenzi, pole sana, mama amekuaje? Twende. Twende wote, naacha kila kitu."

Aliyasema yote hayo, na alikuwa anasema kweli. Lakini msusi aliutazama mkono wake wa upawa. Mkono ule ulikuwa bado unakoroga.

"Baki," alimwambia.

"Siwezi kukuacha uende peke yako."

"Baki, mchuzi utashika chini."

Akachukua kijiko. Akapuliza, akaonja, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni, ikabidi ajifute na kuonja tena ili ajue chumvi ipi ni ya sufuria.

"Chumvi bado. Nusu kijiko."

Pua akatia.

"Limau. Zaidi. Hapo. Sasa usiuguse tena, ukipungua ongeza maji ya moto tu." Akaweka kijiko chini. Akaivua pete, taratibu, maana vidole vilikuwa vimevimba kwa joto, akamtia mpishi kiganjani na kuukunja mkono wake.

"Unafanya nini? Kwa neno moja? Neno moja limenitoka kwa hofu!"

"Najua. Ndiyo maana nimeliamini."

"Nilikwambia jana nakupenda!"

"Jana nilikuuliza, ukanijibu vizuri mpaka nikacheka. Leo umenijibu kabla sijauliza." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Pua. "Unajua kinachoniuma? Ungeniambia siku ile ya kwanza tu, unatoka kitandani, 'mwenzangu, sionji,' ningekuonjea mpaka tuzeeke. Bure. Ningeacha vichwa vya watu nusu maisha yangu yote, na ningefurahi. Lakini ulinifanya nikafikiri napendwa, kumbe naajiriwa."

"Nakupenda. Mungu shahidi, nakupenda."

"Unanipenda, Pua. Nakuona. Ila kwanza mchuzi, halafu mimi."

Kutoka ukumbini yule mama akaita kwa sauti ya furaha, "Mpishi! Harufu hiyo inatuua huku, tutangoja mpaka lini?" Pua akautazama mlango wa ukumbini, kisha mlango wa nje, kisha tena wa ukumbini. Akiwa bado anatazama, msusi alikwishachukua pochi yake na kutoka.

Ndani ya basi la kurudi alipata kiti dirishani, pembeni ya mama mmoja mtu mzima aliyepakata kikapu. Basi lilipoiacha bahari, dada yake akapiga tena. "Mama amezinduka! Mkono ndio umevunjika, lakini anaongea, tena anatugombeza. Anakuulizia wewe." Msusi akasema alhamdulillahi, akashika kichwa kwa mikono miwili na kulia kwa kwikwi, na yule mama wa pembeni akampigapiga mgongoni bila kuuliza chochote.

Baadaye ujumbe ukaingia. Ulitoka kwa Pua.

"Wamekubali!! Kazi nimepata! Wanasema mchuzi kama ule hawajawahi kuula!"

Msusi akausoma. Akangoja, simu kiganjani. Miti ikapita, kituo cha mafuta kikapita, shule yenye uwanja mtupu ikapita. Ndipo ukaingia wa pili.

"Mama anaendeleaje, kipenzi?"

Alijibu kwa mpangilio uleule alioletewa. Kwanza aliandika, "Hongera." Kisha akaandika, "Mama amezinduka."

Simu ikaanza kulia. Jina la Pua likawaka, likazimika, likawaka tena. Aliiacha ilie mapajani mwake, juu ya gauni la njano.

"Mwanangu," yule mama wa kikapu alisema, "hupokei? Huyo anayepiga anakutafuta kweli."

"Angepiga mapema, mama, ningepokea," msusi alisema, akageuza uso dirishani akaendelea kulia.